Mkono Uliobaki Hewani: Kisa cha Olivia de Havilland na Joan Fontaine

Usiku wa tarehe 13 Machi 1947, nyuma ya jukwaa la ukumbi wa Shrine mjini Los Angeles, dada wawili walikutana mbele ya kamera. Mkubwa, Olivia de Havilland, alikuwa ametoka kupokea Oscar ya mwigizaji bora wa kike. Mdogo, Joan Fontaine, alikuwa na ya kwake tangu miaka mitano nyuma. Joan akamwendea ampe hongera, akanyoosha mkono. Olivia akageuka. Mpigapicha Hymie Fink wa jarida la Photoplay akabonyeza kitufe, na mkono ule umebaki hewani mpaka leo.

Picha hiyo ndiyo inayotolewa kila mara watu wakitaka kuonyesha jinsi warembo wa Hollywood ya zamani walivyokuwa wakitafunana kwa ajili ya sanamu ya dhahabu. Maelezo yake hayabadiliki: ndugu wawili, tuzo moja, wivu. Nimekisoma kisa hiki katika matoleo mengi, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba picha ni ya kweli ila maneno yanayobandikwa chini yake yamekosea mlango. Ugomvi ulikuwepo, tena mkali, tena wa tangu utotoni. Lakini Oscar haikuuzaa. Oscar iliukuta umeshaota meno, ikaumulikia taa, na wapo waliovuna.

Tuanzie nyumbani. Wote wawili walizaliwa Tokyo kwa wazazi Waingereza, Olivia tarehe 1 Julai 1916, Joan tarehe 22 Oktoba 1917. Walipishana miezi isiyotimia 16. Waliolea watoto waliofuatana namna hiyo wanajua: anayetambaa hataki kitu kingine chochote isipokuwa kile alichoshika anayetembea. Baba yao, Walter de Havilland, alikuwa mwanasheria wa hataza, yaani haki za uvumbuzi. Mama, Lilian, alisomea uigizaji London, kisha ndoa ikamtoa jukwaani. Mwaka 1919 aliwaleta wasichana California, wakaishia mji mdogo wa Saratoga, na baba akarudi zake Japani. Baadaye mama aliolewa na George Fontaine, meneja wa duka kubwa mjini San Jose, mtu wa amri na adhabu ambaye mabinti hawakumpenda hata kidogo.

Joan alikuwa mtoto wa kuuguaugua. Kwa masimulizi yake, nguo zilizomkaa Olivia ndogo zilikuwa zinashuka kwake, kama ilivyo nyumba nyingi, ila Olivia alikuwa anazichana kwanza, ili mdogo wake akae chini na sindano azishone upya kabla ya kuvaa. Anasimulia pia kwamba siku moja katika purukushani kando ya bwawa la kuogelea Olivia alimvunja mfupa wa mtulinga.

Hapa inabidi nisimame, maana kesi yote inaegemea nguzo hii moja. Sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu chuki ya dada hawa imetoka kinywani mwa Joan, katika mahojiano na katika kitabu cha maisha yake alichokitoa mwaka 1978. Olivia hakuandika kitabu cha kumjibu. Alikaa Paris, akanyamaza kwa miongo kadhaa. Kwa hiyo wasomaji wamekuwa kama hakimu aliyesikiliza mlalamikaji peke yake akaandika hukumu. Simaanishi Joan alikuwa mwongo. Alikuwa msimuliaji hodari, mwenye ulimi mkali na ucheshi wa kuchoma, na mtu wa aina hiyo akisimulia jambo mara kumi, mara ya kumi huwa limenenepa.

Jambo moja lakini halihitaji shahidi, kwa sababu limeandikwa kwenye mabango yenyewe: majina. Olivia aliingia studio ya Warner Bros. katikati ya miaka ya 1930 akiwa na jina la ukoo. Joan alipotaka kufuata njia ileile, mama hakutaka alitumie. De Havilland lilikuwa limeshapata mwenyewe. Joan akajaribu kujiita Burfield, halafu akatulia kwenye Fontaine, jina la baba wa kambo yuleyule. Kuzuiwa na mama yako mzazi kutumia jina la baba yako, kwa sababu tu dada yako katangulia mlangoni! Mimi nikitafuta mahali mfundo ulipofungwa, naanzia hapa, miaka mingi kabla ya sanamu yoyote ya dhahabu.

Na bado, ukifuata kazi zao, unakuta mambo yasiyolingana na hadithi ya maadui. Wakati filamu ya Gone with the Wind inatafutiwa waigizaji, Joan alikwenda kumwona mwongozaji George Cukor. Alikwenda amependeza mno. Cukor alikuwa anatafuta wa kuigiza Melanie, mwanamke mpole asiye na makuu, na Joan kwa mavazi yale hakufaa. Anasema ni yeye aliyemwambia: basi mjaribu dada yangu. Olivia akaipata nafasi ile, na ikamletea uteuzi wake wa kwanza wa Oscar. Haikuwa rahisi hata hivyo, kwa sababu Jack Warner hakutaka kumwazimisha. Ilibidi Olivia amwendee mke wa Warner, akamwombe amlainishe mumewe.

Hilo neno kuazimisha tulishike vizuri. Nyota wa enzi hizo hakuwa mtu aliyejiajiri. Alifungwa mkataba wa miaka saba, na ndani ya miaka hiyo studio ilimpangia filamu, ikimtaka ilimkodisha kwa studio nyingine, na kodi iliingia mfukoni mwa mwenye mkataba. Nyota alipata mshahara wake uleule wa wiki. Joan alikuwa wa mtayarishaji David O. Selznick, na Selznick alijua kuazimisha watu kwa faida kuliko wengi. Olivia alikuwa wa Warner.

Sasa tuje tarehe 26 Februari 1942, hoteli ya Biltmore, Los Angeles, usiku ambao ndugu hao waliwania pamoja tuzo moja. Olivia aliteuliwa kwa filamu ya Hold Back the Dawn, iliyotengenezwa na Paramount, alikokuwa ameazimwa kutoka Warner. Joan aliteuliwa kwa Suspicion, iliyotengenezwa na RKO, alikokuwa ameazimwa kutoka kwa Selznick. Na mwongozaji wake, Alfred Hitchcock, naye alikuwa mali ya Selznick, kaazimwa vilevile. Kwa hiyo waliopambanishwa usiku ule walikuwa wanawake wawili waliokodishwa, kila mmoja amefika kwa tiketi ya studio isiyo yake. Magazeti ya udaku hayakuwa na haja na habari za mikataba. Yalitaka ndugu.

Joan anasimulia asubuhi ya siku ile kwa undani unaonivutia kuliko yote. Hakutaka kwenda. Alikuwa katikati ya kupiga filamu nyingine, kesho yake ana kazi, na nguo ya kuvaa hana. Olivia akamwambia ni lazima aende, watu watasema nini. Haikupita saa moja dada mtu akatokea kwenye chumba cha kuvalia, na maboksi ya duka la I. Magnin yamejaa magauni ya kipimo cha Joan. Wakachagua jeusi lenye sketi ya lesi na mtandio wa lesi wa kichwani, likapigwa bandi harakaharaka limkae mwilini. Ndilo linaloonekana katika picha za usiku ule.

Ukitaka kumwelewa Olivia, mtazame hapo. Siku ya mashindano, mpinzani ndiye aliyeleta gauni. Tena gauni la kupendeza. Na aliyetuhadithia ni Joan mwenyewe, shahidi wa upande wa mashtaka.

Usiku, jina likasomwa: Joan Fontaine. Walioshindwa, ukiacha Olivia, walikuwa Bette Davis, Greer Garson na Barbara Stanwyck, kwa hiyo haikuwa orodha ya kubahatisha. Joan anasema aliganda kwenye kiti. Olivia alikuwa ameketi ng'ambo ya meza, akamnong'oneza kwa sauti ya amri: simama uende! Na Joan, badala ya kufurahi, akajiona amerudi utotoni, mtoto wa miaka minne mbele ya dada yake, akihisi kwamba wakati wowote Olivia ataruka meza amkamate nywele. Nimekisoma kipande hiki mara nyingi. Alichokifanya Olivia ni kumhimiza asimame. Mengine yote yalikuwa kichwani mwa Joan: nguo zilizochanwa, mtulinga uliovunjika, jina alilonyimwa. Mwenye tuzo ndiye aliyekuwa anaogopa.

Waswahili husema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Hollywood ilichukua jembe kweli, ila shamba lenyewe likawa ni ule ugomvi. Louella Parsons na Hedda Hopper, malkia wawili wa udaku wa magazeti, walikuwa na kurasa za kujaza kila siku. Idara za matangazo za studio zilikuwa zinaishi kwa kutajwa humo. Habari ya waigizaji wawili wanaoheshimiana haina mnunuzi. Habari ya wawili wasiosalimiana, wakiwa tumbo moja, inauza jarida, na inauza tiketi za filamu mbili kwa mpigo. Sidai kwamba kuna mtu aliketi ofisini akaubuni uhasama huu. Haikuhitajika. Ilitosha kila mara mmoja akifanikiwa, mwandishi ampigie simu mwenzake kumuuliza anajisikiaje.

Kuna tukio moja la miaka hiyo ambalo hutajwa kwa mstari mmoja katika visa vya aina hii, na kwangu ndilo lenye uzito kuliko picha ya Hymie Fink. Mwigizaji aliyekataa filamu aliyopangiwa alisimamishwa bila mshahara, na wiki alizosimamishwa ziliongezwa mwishoni mwa mkataba. Kwa hesabu hiyo miaka saba haikuwa saba. Ukikataa upuuzi mara tatu nne, unajikuta umeongezewa miezi. Olivia alikuwa amechoka kupangiwa kuwa msichana mtamu pembeni ya shujaa, akakataa, akasimamishwa, akakataa tena. Mwaka 1943 miaka yake saba ilipoisha, Warner wakamwambia bado wanamdai miezi kama sita. Akaenda mahakamani.

Bette Davis alikuwa ameshajaribu kupambana na studio hiyohiyo mwaka 1936, mahakama ya London, akashindwa. Olivia alitumia kifungu cha sheria ya California kinachozuia mtu kufungwa na mkataba wa kazi kwa zaidi ya miaka saba, na wakili wake akasisitiza kwamba mwaka ni mwaka wa kalenda. Studio ikawaandikia wenzake wasimpe kazi. Kwa karibu miaka miwili hakusimama mbele ya kamera. Akawa anazunguka hospitali za wanajeshi. Desemba 1944 mahakama ya rufaa ikampa ushindi, na Februari 1945 mahakama kuu ya jimbo ikakataa kuigusa hukumu hiyo. Mpaka leo wanasheria wa burudani wa California wanaiita Sheria ya De Havilland, na wanamuziki wamekuja kuitumia dhidi ya kampuni za kurekodi.

Joan alisemaje? Alisema Hollywood ina deni kubwa kwa Olivia. Kauli hiyo haijapata kuwekewa picha.

Turudi basi nyuma ya jukwaa, 1947. Kama haikuwa wivu wa Oscar, ilikuwa nini? Olivia hakuwa na sababu ya wivu usiku ule. Tuzo ilikuwa mkononi mwake, kwa filamu ya To Each His Own. Aliyeshinda hamwonei kijicho aliyekuja kumpongeza. Jibu liko miezi michache nyuma. Agosti 1946 Olivia aliolewa na mwandishi Marcus Goodrich, mtu aliyekuwa ameshaoa na kuachana zaidi ya mara moja, na aliyejulikana kwa riwaya moja. Joan alipoulizwa kuhusu shemeji huyo akarusha kijembe: ninachojua ni kwamba ameoa wake wanne na kuandika kitabu kimoja, heri ingekuwa kinyume chake.

Ni kijembe kizuri. Kimetengenezwa kikatengenezeka, na ndiyo maana kilienea. Ila kimetupwa kwa bi harusi, na aliyekitupa ni mdogo wake, gazetini, mbele ya watu. Olivia alitaka aombwe radhi. Radhi haikuja. Kilichokuja ni mkono wa hongera, hadharani, kamera zikiwa tayari. Wanaojua kununiana kwa ndugu wataelewa alichokataa Olivia: kupatanishwa mbele ya watu kwa jambo alilovunjiwa heshima mbele ya watu, bila lile neno moja kutamkwa. Unaweza kusema alikosa adabu. Hata mimi nadhani angeupokea mkono ule, akasuta baadaye mlango ukifungwa. Lakini ugomvi ule ulikuwa wa shemeji.

Nitoke nje ya njia kidogo. Gauni alilovaa Olivia katika picha hiyo, lenye maua yaliyochorwa kwa mkono, lilishonwa na Ann Lowe, fundi Mmarekani mweusi, aliyekuja pia kumshonea Jacqueline Bouvier, mke wa baadaye wa Rais Kennedy, gauni la harusi mwaka 1953. Lebo ya gauni la Olivia haikuwa na jina la Lowe, ilikuwa na jina la duka. Katika usiku ulioandikwa kurasa na kurasa kuhusu nani alimpa nani mgongo, kuna mwanamke ambaye kazi yake ilisimama katikati ya picha na hakuna aliyeuliza jina lake.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kupatana na kununiana kwa zamu. Olivia akachukua Oscar ya pili kwa The Heiress ya mwaka 1949, akahamia Ufaransa. Wakatembeleana, wakapigwa picha wakicheka. Watu wanaopenda kisa hiki hawazionyeshi picha hizo.

Kilichokata kamba kabisa ni msiba. Mama yao alifariki Februari 1975 akiwa Joan yuko safarini na mchezo wa jukwaani. Joan alisema hakushirikishwa, akajua mambo yameshapangwa. Olivia alisema alimjulisha, mwenzake akajibu ana kazi. Kila mmoja aliishika kauli yake mpaka kufa. Baada ya hapo hawakusemezana tena. Kwa maana hiyo chuki iliyodumu ilizaliwa kwenye kilio, pale pale inapozaliwa katika koo nyingi: nani alipewa taarifa, lini, na na nani. Miaka mitatu baadaye Joan akatoa kitabu, na katika kukitangaza akasema maneno ambayo hayajafutika: niliolewa kabla ya Olivia, nikapata Oscar kabla yake, na nikifa kwanza atakasirika sana kwa sababu hata hilo nitakuwa nimemtangulia.

Alimtangulia kweli. Joan alifariki tarehe 15 Desemba 2013 huko Carmel, California, akiwa na miaka 96. Olivia akatoa taarifa fupi kwamba ameshtushwa na kuhuzunika.

Halafu, mwaka 2016, akitimiza miaka 100, Olivia akafungua mdomo. Alijibu maswali ya shirika la habari la AP kwa barua pepe. Akasema ugomvi ni wa watu wawili wanaochokozana, naye hakumbuki hata mara moja alipoanza yeye, alikuwa anajikinga. Akasema kwa upande wake mapenzi yalikuwepo siku zote, ila yaliingia umbali, na mwishoni yakakatika. Na mdogo wake akampa jina: Bibi Joka. Mtu mwenye vipaji vingi, alisema, ila mwenye kasoro ya macho katika kuwatazama watu na matukio. Miaka sabini ya kunyamaza, na bado kisu kilikuwa na makali. Alijua kurusha kijembe kama mdogo wake; alikuwa amekiweka akiba.

Mwaka uliofuata kituo cha televisheni cha FX kikaonyesha tamthilia kuhusu uhasama mwingine wa enzi hizo, wa Bette Davis na Joan Crawford, na ndani yake kukawa na mhusika Olivia de Havilland, anayemtaja mdogo wake kwa neno la matusi. Olivia wa kweli alikuwa hai, Paris. Tarehe 30 Juni 2017, siku moja kabla ya kutimiza miaka 101, akafungua kesi California. Hakuombwa ruhusa, alidai, na kamwe hakumwita ndugu yake neno lile. Mahakama ya kwanza ikakubali kesi iendelee. Ya rufaa, Machi 2018, ikaitupa. Majaji hawakuona neno lile kuwa la kuudhi kiasi cha kushitakiwa, na wakakumbusha kwamba mlalamikaji mwenyewe alishamwita mdogo wake Bibi Joka. Akakata rufaa mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo Januari 2019 ilikataa kumsikiliza.

Alikuwa na miaka 102, anapigania neno ambalo hakulisema kuhusu dada aliyekuwa kaburini mwaka wa sita.